Faili ya shehena haina haki ya kuiamrisha seva: jibu kwa msomaji wa Shimanzi

Swali: Asalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mtayarishaji programu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, ofisi zetu ziko Shimanzi. Kila siku tunapokea faili za XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama maalumu, kutoka kwa mawakala wa meli na wateja: orodha ya makontena, uzito, majina ya wapokeaji. Programu ya zamani ni ya Java, huduma mpya nimeiandika kwa Python, na tovuti ya wateja ni ya PHP. Mkaguzi wa usalama ameandika kwenye ripoti yake "XXE" na kuipaka rangi nyekundu. Bosi asema faili zatoka kwa watu tunaowajua na tunazikagua kwa XSD (kanuni za umbo la faili), basi hakuna la kuhofia. Mwenzangu ameongeza mstari unaofuta neno DOCTYPE kabla faili haijasomwa. Je, hiyo yatosha? Au tuhamie JSON, muundo mwingine wa kubadilishana data, tuachane na XML?

Jibu: Waleikum salaam, dada. Mkaguzi wako ana haki. Bosi wako amekosea, na mwenzako ameliona tatizo lakini amelishika mkiani. Suala la JSON nitalijibu mwisho kabisa, kwa sababu ukilianza nalo utapoteza miezi mingi kabla mwanya uliopo leo haujazibwa.

Kwanza tujue XXE (XML External Entity, yaani entiti ya nje ya XML) inatoka wapi. XML 1.0 ilipopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi wa Februari 1998, ilirithi kutoka SGML, lugha iliyoitangulia, kitu kiitwacho DTD: sehemu ya juu ya hati, inayoanza na <!DOCTYPE, ambamo mwandishi hueleza muundo wa hati yake na pia kutunga vifupisho viitwavyo entiti. Ukitunga entiti ya jina la kampuni, kila mahali utakapoandika kifupisho hicho msomaji ataweka jina kamili. Hadi hapo hakuna ubaya. Balaa ni kwamba entiti yaweza pia kuwa ya nje: badala ya kupewa maneno, kichanganuzi (programu inayosoma XML) huambiwa "nenda anwani hii, chukua utakachokikuta, ukiweke hapa". Anwani hiyo yaweza kuwa ya mtandaoni, na yaweza kuwa faili iliyo ndani ya seva yako mwenyewe.

Fikiria karani wa kaunta anayepokea barua kutoka nje. Ndani ya barua moja imeandikwa: "kabla hujaisoma, ingia kabati la meneja, toa daftari la mishahara, ulinakili hapa chini, kisha unirudishie nakala." Karani mwenye akili atacheka. Kichanganuzi cha XML chenye mipangilio ya kizamani kitanyanyuka na kwenda kabatini.

Hii hapa ndiyo barua yenyewe, nimeivalisha nguo za kazi yenu:

```
<?xml version="1.0"?>
<!DOCTYPE shehena [
  <!ENTITY siri SYSTEM "file:///etc/passwd">
]>
<shehena>
  <kontena>
    <mpokeaji>&siri;</mpokeaji>
  </kontena>
</shehena>
```

Programu yako ikiisoma hii bila kinga, jina la mpokeaji litakuwa orodha nzima ya watumiaji wa seva ya Linux. Kisha mfumo wako, kwa adabu zake zote, utamtumia mteja barua pepe: "Tumepokea mzigo wa…" na orodha imo ndani. Nimetumia /etc/passwd kwa sababu ndiyo mfano uliozoeleka. Mshambuliaji wa kweli ataitafuta faili ya mipangilio yenye nywila ya hifadhidata. Na kwa Java kuna nyongeza mbaya: anwani ya file:// ikielekezwa kwenye folda badala ya faili, Java hurudisha majina ya vilivyomo ndani. Kwa hivyo mtu hahitaji kubahatisha, anatembea folda hadi folda kama yuko kwake.

Usidhani pia kwamba kwa kuwa mfumo wenu haumrudishii mtumaji chochote mko salama. Entiti ya nje yaweza kuelekezwa kwenye seva ya mshambuliaji, na kwa kutumia DTD iliyowekwa huko, kichanganuzi chako kinasoma faili ya ndani na kupeleka maneno yake nje yakiwa sehemu ya anwani kinayoiomba. Wewe huoni kitu kwenye skrini. Yaweza vilevile kuelekezwa kwenye mashine za ndani ya mtandao wenu ambazo mtu wa nje hawezi kuzifikia, au, ikiwa mmekodi seva za wingu, kwenye 169.254.169.254, anwani ambayo mashine nyingi za wingu hutumia kuuliza taarifa zao zenyewe, zikiwemo funguo za muda. Amazon walileta toleo la pili la huduma hiyo mwaka 2019, linalodai ombi la aina ya PUT na tokeni, jambo ambalo entiti ya XML haiwezi kulifanya. Kama mko huko na bado mnaruhusu toleo la kwanza, lifungeni leo hii.

Kuna shambulizi jingine lisiloiba kitu, linaua tu:

```
<!DOCTYPE shehena [
  <!ENTITY a "kontena">
  <!ENTITY b "&a;&a;&a;&a;&a;&a;&a;&a;&a;&a;">
  <!ENTITY c "&b;&b;&b;&b;&b;&b;&b;&b;&b;&b;">
  ...
]>
```

Endelea hivyo mpaka herufi j. Kila hatua inazidisha kwa kumi, kwa hivyo &j; moja ni neno "kontena" mara 1,000,000,000, yaani herufi bilioni saba, karibu gigabaiti 7 za kumbukumbu hata ukihesabu baiti moja kwa kila herufi. Faili yenyewe haifiki kilobaiti moja. Haina entiti ya nje hata moja, ndiyo maana anayezima entiti za nje pekee akapumua amefanya nusu ya kazi.

Mwambie bosi pia kwamba haya si ya darasani. Mwaka 2014 Facebook ilitangaza kumlipa mtafiti Reginaldo Silva dola 33,500 kwa mwanya wa aina hii uliokuwa katika sehemu inayoshughulikia OpenID (mfumo wa kuingia kwa akaunti ya tovuti nyingine), na mwaka huohuo Google iliwalipa watafiti wa Detectify dola 10,000 baada ya kusoma faili za seva yake kupitia huduma ya zamani ya vitufe vya upauzana. Kampuni hizo zina wahandisi wa usalama wa kujaza uwanja, na bado mpangilio mmoja uliwaponyoka. OWASP, shirika la usalama wa programu, waliipa XXE nafasi ya 4 katika orodha yao ya hatari kumi mwaka 2017. Mwaka 2021 waliiweka ndani ya kundi la mipangilio mibovu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pake hasa. Mshambuliaji anatumia uwezo ambao kichanganuzi kilipewa makusudi, na ambao wewe huuhitaji.

Sasa hoja za ofisini kwenu, moja baada ya nyingine.

"Watu tunaowajua." Mnamjua mteja. Hamuijui kompyuta yake, wala kijana aliyemwachia nywila ya kupakia faili, wala programu ya mtu wa tatu inayomtengenezea hiyo XML. Na tovuti yenu ya PHP, kama nimekuelewa vyema, inapokea faili kutoka kwa yeyote aliyejisajili.

"Tunakagua kwa XSD." XSD inakagua umbo la kilichosomwa. Lakini kusoma ndiko kunakofungua entiti, kwa hivyo wakati mkaguzi wa XSD anatazama, daftari limeshatolewa kabatini. Isitoshe, kipengele cha mpokeaji kwenye XSD yenu bila shaka ni maandishi ya kawaida, na orodha ya watumiaji wa Linux nayo ni maandishi ya kawaida. Itapita ikitabasamu. XSD ni nzuri kwa kukamata uzito ulioandikwa kwa herufi au kontena lisilo na namba. Ibakisheni kwa kazi hiyo.

"Tunafuta neno DOCTYPE." Hili nataka mwenzako alielewe vizuri, maana wazo lake ni la wengi. XML inaruhusiwa kuandikwa kwa UTF-16 (njia mojawapo ya kusimba herufi), na humo kila herufi ya DOCTYPE inakaa kwenye baiti mbili. Mstari wake unaotafuta mfululizo wa baiti za kawaida hautauona, ilhali kichanganuzi kitatambua usimbaji na kusoma kama kawaida. Anayepigana na maandishi ya XML kwa zana za maandishi siku zote atakuwa hatua moja nyuma ya kichanganuzi. Kinachoijua XML sawasawa ni kichanganuzi chenyewe, kwa hivyo marufuku iwekwe hapo hapo kinapoundwa: ukikuta DOCTYPE, simama, kataa faili nzima.

Kataa, usisafishe. Orodha halali ya makontena haina sababu ya kubeba DTD. Hata kanuni za SOAP, njia ya mifumo ya kampuni kutumiana ujumbe wa XML, zinakataza DTD ndani ya ujumbe.

Twende kwenye msimbo. Kwa Java:

```
DocumentBuilderFactory f = DocumentBuilderFactory.newInstance();
f.setFeature("http://apache.org/xml/features/disallow-doctype-decl", true);
f.setXIncludeAware(false);
```

Mstari wa pili ndio unaobeba mzigo wote. Usishtushwe na hiyo anwani: ni jina tu, hakuna kinachopakuliwa kutoka Apache. Mstari wa tatu unahusu XInclude, njia nyingine ya kuvuta faili za nje ambayo haihitaji DOCTYPE. Kwa kawaida imezimwa, lakini kwenye programu ya zamani hujui nani aliiwasha kwa haja gani.

Programu yenu ya Java ni ya zamani, basi tafuta kitu kimoja nilichokikuta mara nyingi katika msimbo wa watu: setFeature imewekwa ndani ya try, na catch yake inaandika kwenye logi "haikuwezekana" kisha kazi inaendelea. Ikiwa kwenye mradi kuna jar kuukuu ya kichanganuzi kisichoijua amri hiyo, kitatupa hitilafu, hitilafu itamezwa, na faili zitasomwa bila kinga yoyote huku kila anayepitia msimbo akiona kinga ipo. Hitilafu hiyo iachwe iangushe programu. Afadhali foleni ya faili asubuhi moja.

Kisha usiishie kwenye DocumentBuilderFactory. Java ina milango mingi ya kuingilia XML na kila mmoja una kufuli lake. SAXParserFactory hutumia amri ileile ya disallow-doctype-decl. XMLInputFactory huwekewa XMLInputFactory.SUPPORT_DTD kuwa false. TransformerFactory na SchemaFactory huwekewa XMLConstants.ACCESS_EXTERNAL_DTD kuwa maandishi matupu, pamoja na ACCESS_EXTERNAL_STYLESHEET kwa ile ya kwanza na ACCESS_EXTERNAL_SCHEMA kwa ya pili. Na hii ya SchemaFactory inawahusu nyinyi moja kwa moja, kwa sababu ndiyo inayofanya ukaguzi wa XSD ambao bosi anajivunia. Mkitumia JAXB, maktaba ya kugeuza XML kuwa vitu vya Java, usikipe kifungulio chake (Unmarshaller) mkondo mbichi wa faili. Kipe XMLStreamReader iliyotoka kwenye XMLInputFactory iliyofungwa.

Python ni nyepesi zaidi, ila ina mtego wa maktaba mbili, xml.etree na lxml, zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa tabia. Moduli ya xml.etree inayokuja na Python haifungui entiti za nje, lakini ulinzi wake dhidi ya lile shambulizi la kuzidisha unategemea Expat, kichanganuzi kilicho chini yake; kinga hiyo ilikuja na Expat 2.4 mwaka 2021. Seva isiyosasishwa haina. Mimi ningetumia defusedxml, maktaba ya kusoma XML kwa kinga, bila kujiuliza:

```
from defusedxml.ElementTree import parse

def soma_shehena(njia):
    return parse(njia, forbid_dtd=True)
```

Angalia hiyo forbid_dtd. Bila kuiandika, defusedxml inakataa entiti lakini inavumilia DOCTYPE tupu. Iandike.

Kama umetumia lxml, hadithi ni nyingine. Kabla ya toleo la 5.0, lxml ilikuwa inafungua entiti za nje za faili za ndani kwa chaguo-msingi. Kulikuwa na no_network=True iliyowafariji watu wengi, na kweli inazuia mtandao, lakini /etc/passwd haiko mtandaoni. Kwa hiyo:

```
k = etree.XMLParser(resolve_entities=False, load_dtd=False, no_network=True)
hati = etree.parse(njia, k)
if hati.docinfo.doctype:
    raise ValueError("DOCTYPE hairuhusiwi")
```

Na tafadhali pekua mradi mzima utafute huge_tree=True. Watu huinakili wanapopata hitilafu ya faili kubwa, bila kujua kwamba wameondoa vizuizi vya ukubwa ambavyo libxml2, maktaba iliyo chini ya lxml na PHP, imewawekea bure. Upande wa PHP jina lake ni LIBXML_PARSEHUGE.

PHP nayo ina kituko chake. Tangu libxml2 2.9.0 ya mwaka 2012, entiti za nje hazipakiwi kwa chaguo-msingi, na ndiyo sababu libxml_disable_entity_loader ilistaafishwa katika PHP 8.0. Mko salama basi, hadi mtu aandike LIBXML_NOENT. Ukilisoma jina hilo utadhani linasema "bila entiti". Linafanya kinyume: linakiamuru kichanganuzi kibadilishe kila entiti kwa kilichomo ndani yake, mpaka entiti yenyewe isionekane tena kwenye matokeo. Nimeona wanaoliongeza kwa nia ya kujilinda. Liondoe, pamoja na LIBXML_DTDLOAD, popote lilipo kwenye tovuti yenu.

Ukishaziba hivyo, kusanya. Kila lugha iwe na sehemu moja tu inayounda kichanganuzi, na msimbo mwingine wote uiite hiyo. Leo hii nadhani ukitafuta "newInstance" kwenye programu ya Java utazikuta zimetapakaa, kila mmoja aliyepita hapo kaacha yake. Mkiwa na sehemu moja, mapitio ya msimbo yanakuwa swali dogo: nani ameunda kichanganuzi nje ya hapa?

Halafu jaribio. Hili wengi huliruka, na bila hilo siku maktaba itakaposasishwa au kubadilishwa hutajua kama kinga bado ipo. Weka ile barua ya karani iwe faili ya majaribio na uandike:

```
import pytest
from defusedxml import DTDForbidden

def test_doctype_inakataliwa():
    with pytest.raises(DTDForbidden):
        soma_shehena("majaribio/karani.xml")
```

Ongeza nyingine ya UTF-16, na ile ya kuzidisha mpaka j. Faili ya UTF-16 umwonyeshe mwenzako ikipita kwenye mstari wake wa kufuta, atakubali bila mabishano.

Kuna XML msiyoiona. Faili za .xlsx na .docx ni zip iliyojaa XML, kwa hivyo kila mteja anayepakia orodha ya bidhaa ya Excel anawapelekea XML kwa mlango wa nyuma. Kama mnazisoma kwa openpyxl, maktaba ya Python ya faili za Excel, nyaraka zake zinasema wazi kwamba haijikingi dhidi ya mashambulizi ya kuzidisha mpaka usakinishe defusedxml kando yake. Isakinishe. Na kwa kuwa ni zip, weka kikomo cha ukubwa baada ya kufunguliwa, siyo ukubwa wa faili iliyopakiwa pekee. Nembo za kampuni za SVG nazo ni XML.

Pembeni ya haya, huduma inayosoma shehena iendeshwe na mtumiaji asiye na ruhusa ya kusoma kitu kisichomhusu, na faiawoli imkataze kutoka nje ya mtandao. Kuchanganua orodha ya makontena hakuhitaji intaneti. W3C wenyewe walilalamika mwaka 2008 kwamba seva yao ilikuwa ikipokea hadi maombi milioni 130 kwa siku kutoka kwa programu zinazopakua DTD zilezile tena na tena. Wengi wa walioyatuma walikuwa hawajui hata kwamba programu zao zinatoka nje.

Ujumbe wa hitilafu pia usirudishwe kwa mteja ukiwa mzima. Mara nyingi ndani yake mna njia ya faili, na wakati mwingine mna kipande cha faili yenyewe. "Faili imekataliwa, wasiliana nasi" inamtosha, na undani ukae kwenye logi zenu.

Kuhusu logi: kabla hamjaifunga ripoti ya mkaguzi, chambueni faili zote mlizohifadhi, mkitumia kichanganuzi kipya kilichofungwa, muone ni zipi kinazikataa. Mkikuta yenye entiti ya nje, nywila zote zilizokuwa zikisomeka kwenye seva hiyo zibadilishwe siku hiyohiyo. Majina, simu na namba za kodi za wapokeaji ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na mkigundua zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na wenyewe wanaweza kudhurika, mna saa 72 tangu kujua za kumwarifu Kamishna wa Data. Mwambie bosi sehemu hii mapema, asije akaisikia kwanza kutoka kwa wakili.

Na JSON? Haina entiti wala DTD, hilo ni kweli, na kwa huduma mpya mnayoimiliki pande zote mbili ningeichagua. Lakini mawakala wa meli hawatabadilisha mifumo yao kwa ajili yenu, na hata mkiwashawishi mtabaki na Excel. Anza na kufuli za Java, kwa kuwa huko ndiko chaguo-msingi ni baya zaidi, kisha lxml kama upo, kisha upekuzi wa LIBXML_NOENT. Mkaguzi akirudi, mpe yale majaribio ayaendeshe mwenyewe.